Chapa ya Kiwanda, Alama ya Mkono

Katika masoko ya vitu vikuukuu ya Ulaya na Marekani, zana za mkono hukaa chini ya meza. Iwe Saint-Ouen kaskazini mwa Paris, soko ambalo Wafaransa walilipa jina la viroboto, au viwanja vya Uingereza ambako Jumapili asubuhi watu huuza vitu vya nyumbani kutoka kwenye buti za magari yao, mpangilio ni uleule. Juu huwekwa sahani, saa na picha za fremu. Chini, ndani ya boksi lililolowa umande, mna msumeno wenye kutu, patasi tatu zisizolingana, randa ya mbao iliyopasuka kisigino na nyundo isiyo na mpini. Mnunuzi anayejua mambo huinama, hufuta kutu kwa kitambaa na kutafuta jina. Akikuta jina la kiwanda mashuhuri, bei hupanda. Asipolikuta, chombo hurudi boksini na safari yake huishia kwa wanunuzi wa chuma chakavu. Mazoea haya yamezaa elimu nyingi na nzuri, lakini yamewazoeza watu kuisoma zana upande mmoja. Chapa inamsimulia aliyetengeneza na aliyeuza. Aliyefanya kazi nayo kwa miaka thelathini yumo mahali pengine: kwenye mpini uliolainishwa na kiganja, kwenye bapa lililofupishwa na jiwe la kunolea, kwenye kiraka cha mti kilichopachikwa pale palipolika. Mtu huyo mara nyingi hakuacha barua wala daftari, kwa hiyo alama hizo ndizo maandishi yake, na makala hii inadai kwamba zinastahili kusomwa kwanza.

Mtu aliyeliona jambo hili mapema ni Henry Chapman Mercer wa Doylestown, mji mdogo wa Pennsylvania, Marekani. Alizaliwa mwaka 1856, akasomea sheria, kisha akaiacha na kuwa mwanaakiolojia. Mwaka 1895 alikuwa akichunguza mapango ya Yucatán huko Mexico, na alishika kazi ya utunzaji katika makumbusho ya Chuo Kikuu cha Pennsylvania. Mwaka 1897 alikwenda kwa jirani aliyekuwa na rundo la vitu vilivyotupwa na watu wa mashambani, akitafuta koleo la kuchochea moto wa sebuleni. Mbele yake palikuwa na vyombo vya kupondea kitani, magurudumu ya kusokotea nyuzi, mizinga ya nyuki iliyosukwa kwa majani makavu, na mitambo ya kusokotea kamba. Havikuwa vitu vya kale sana. Wazee waliovitumia ujanani walikuwa bado wanaishi. Lakini mashine za mvuke na bidhaa za viwandani zilizoletwa kwa reli zilikuwa zimevigeuza takataka katika kizazi kimoja. Mercer alikuwa amezoea kufukua udongo ili apate kipande cha jiwe kilichochongwa, na siku ile alitambua kwamba tabaka zima la akiolojia lilikuwa limelala juu ya ardhi mbele ya macho yake, likiuzwa kwa senti. Mwaka uleule aliandaa maonyesho ya vitu alivyokwisha kununua. Kati ya 1913 na 1916 alijenga jumba la zege lenye ghorofa kadhaa, akatundika humo maelfu ya zana hadi darini, zikiwamo mashua ya kuwindia nyangumi na magari ya kukokotwa na farasi. Mwaka 1929, mwaka mmoja kabla ya kifo chake, alichapisha kitabu kuhusu zana za kale za maseremala ambacho wachunguzi wanakitegemea mpaka leo.

Kuna mambo mawili katika kazi ya Mercer ambayo wakusanyaji waliomfuata waliyapuuza. La kwanza, hakupanga vitu vyake kwa majina ya viwanda. Alivipanga kwa kazi: chumba cha mtengeneza mapipa, chumba cha fundi viatu, chumba cha mchonga vichana. Mtazamaji anaingia katika shughuli ya mtu kabla ya kuingia katika sifa za kampuni. La pili, alijua kwamba chombo kisicho na mtu wake ni nusu ya habari. Ndiyo maana mwaka 1921 alimgharimia Rudolf Hommel kwenda China, nchi ambayo zana za mkono zilikuwa bado zinafanya kazi kila siku, ili apige picha na kuandika namna zinavyoshikwa, zinavyokaliwa na zinavyonolewa. Matokeo ya miaka hiyo yalitoka kama kitabu mwaka 1937. Ulikuwa uamuzi wa gharama kubwa, nao unaonyesha aliamini kwamba umbo la chombo haliwezi kueleweka bila kuujua mwili unaokitumia.

Hata hivyo haifai kuidharau chapa. Chukua mji wa Sheffield, kaskazini mwa Uingereza, ambako mabapa mengi yanayofukuliwa katika maboksi hayo yalifuliwa. Katika miaka ya 1740 Benjamin Huntsman, aliyekuwa fundi saa na mwenye haja ya springi zisizokatika, alifanikiwa kuyeyusha feleji ndani ya vyungu vya udongo mpaka ikawa ya namna moja kila mahali. Mito mitano ya mji ilizungusha magurudumu ya kunolea, na chama cha mafundi visu kilichoanzishwa kwa sheria ya Bunge mwaka 1624 kilisimamia alama za kila mtengenezaji. Sheria ya alama za bidhaa ya mwaka 1887 iliweka sharti la kuonyesha nchi ya asili, kwa sababu watengenezaji wa Sheffield walilalamika kwamba visu vya Ujerumani vilikuwa vikiuzwa kwa jina lao. Marekani nayo iliweka sharti la namna hiyo katika sheria ya ushuru ya mwaka 1890. Vilevile kampuni ya zana ya Marekani, Stanley, ilinunua hataza za mbunifu wa randa Leonard Bailey mwaka 1869, na umbo la randa ya chuma tunayoijua leo likasambaa kutoka hapo. Wakati wa Vita Kuu ya Pili shaba nyeupe na nyekundu zilihitajika jeshini, hivyo skrubu ya kurekebishia bapa la randa hizo, iliyozoeleka kuwa ya shaba, ikatengenezwa kwa chuma au mpira mgumu. Mwenye macho akiishika randa kama hiyo anaweza kuikisia miaka yake bila kufungua kitabu. Hiyo ni elimu ya kweli, na walioijenga, wengi wao wakiwa watu wa kawaida wasio na vyeo vya vyuo vikuu, wanastahili heshima.

Lakini elimu hiyo yote ina mashahidi wengine. Kiwanda kina katalogi, kina hataza zenye tarehe, kina sheria za Bunge na kesi mahakamani. Zana zote za Stanley zingeyeyushwa kesho, bado tungejua mengi kuhusu Stanley. Tena chapa huficha kuliko inavyofichua. Katika Sheffield ya karne ya 19 bapa moja lilipita kwa watu kadhaa: mmoja akalifua, mwingine akalinoa, mwingine akalitia mpini, kila mmoja akiwa amepanga chumba chake katika ua uliojaa mafundi wadogo wa kujitegemea, na mwisho jina lililogongwa likawa la mfanyabiashara. Wanoaji waliokaa juu ya mawe makavu walivuta vumbi lililowaua kwa ugonjwa wa mapafu wakiwa bado vijana. Madaktari wa mji huo walikuwa wakiandika juu yake tangu mwanzoni mwa karne. Wachongaji wa tupa, wengi wao wanawake na watoto waliofanyia kazi nyumbani, walilaza tupa juu ya kipande cha madini ya risasi ili meno ya upande wa chini yasiharibike, na sumu ya risasi ikawapooza mikono. Uhasama juu ya kazi na malipo ulifika mahali ambapo mwaka 1867 serikali iliunda tume kuchunguza mashambulizi yaliyofanywa na wanachama wa vyama vya wanoaji. Hakuna hata moja katika hayo linaloonekana kwenye jina lililogongwa vizuri katikati ya bapa. Ken Hawley, muuza zana wa Sheffield aliyefariki mwaka 2014, alilifahamu hilo. Mkusanyiko wake uliopo katika makumbusho ya Kelham Island una zana zilizokamilika, na pia vipande vilivyoachwa nusu, vinavyoonyesha hatua moja baada ya nyingine na hivyo mkono mmoja baada ya mwingine. Mtu wa sokoni angevitupa vipande hivyo.

Sasa tuiangalie ile randa ya mbao. Kwenye uso wake wa mbele jina la mtengenezaji limegongwa mara moja, juu, kwa herufi nzuri. Chini yake, mara nyingi kwa herufi za ukubwa tofauti, kuna jina la pili, la tatu, pengine la nne. Haya ni majina ya maseremala walioimiliki, kila mmoja akigonga lake alipoinunua kwa mwenzake au kwenye mali ya marehemu. Waliona umuhimu wa kufanya hivyo kwa sababu kwa desturi ya Uingereza fundi alikuja kazini na zana zake mwenyewe. Sanduku la zana lilikuwa mtaji wake wote, na likiungua au likiibwa alikuwa hana tena kazi. Ndiyo sababu Chama cha Muungano wa Maseremala kilichoanzishwa mwaka 1860 baada ya mgogoro mkubwa wa wajenzi wa London kiliwalipa wanachama waliopoteza zana, kama kilivyowasaidia wagonjwa. Daftari za chama zinatuambia fidia ilikuwepo. Randa yenye majina manne inatuambia kitu ambacho daftari haliwezi: kwamba mtaji huo ulirithiwa na kuuzwa ndani ya jamii ya mafundi kwa miaka mingi, kwamba mdomo wake ulipopanuka kwa kusuguliwa ulizibwa kwa kipande cha mti mgumu badala ya kununuliwa randa mpya, na kwamba bapa lake lilinolewa mpaka likakaribia kwisha. Msumeno nao husema hivyohivyo. Kila kunoa hula upana kidogo, kwa hiyo msumeno uliokuwa mpana kama kiganja huishia kuwa mwembamba kama vidole viwili, na anayejua kasi ya kulika huko anaweza kukadiria ni mara ngapi tupa ilipita juu ya meno yake. Hayo ni mapato na matumizi ya mtu, yameandikwa kwa chuma.

Pingamizi la kwanza dhidi ya usomaji huu ni zito, nalo ni la uwiano. Vinavyobaki si mfano wa kweli wa vilivyokuwepo. Chombo kilichotumika sana hufa, na kinachohifadhiwa ni kile kilichokaa bure. Ushahidi wa pingamizi hili upo Rochester, Kent, katika sanduku la Benjamin Seaton. Baba yake alimnunulia zana kamili kutoka duka la Christopher Gabriel mjini London mnamo Desemba 1796, naye kijana akatengeneza sanduku la kuzitunzia mwaka 1797 na kuandika orodha yenye bei. Ni hazina isiyo na kifani kwa mtu anayetaka kujua duka la zana la wakati ule liliuza nini, na imefika kwetu katika hali nzuri kwa sababu zana zake hazikutumika sana. Anayemsoma seremala wa Kiingereza kupitia Seaton peke yake anamsoma mtu ambaye hakuchoka. Lakini angalia pingamizi hili linatufikisha wapi. Kama vitu vya makumbusho vinaelekea upande wa kisichotumika, basi rundo la sokoni, lenye patasi zilizobaki urefu wa kidole na nyundo zilizochanika kichwani, ndilo linalorekebisha mizani. Sidai kwamba rundo hilo ni kamili. Nadai kwamba kosa lake ni tofauti na kosa la makumbusho, na mashahidi wawili wenye upungufu tofauti ni bora kuliko mmoja. Tena bidhaa ya bei nafuu, isiyo na jina kubwa, hupatikana kwa wingi, na wingi ndio unaomkinga msomaji dhidi ya kubahatisha. Patasi moja iliyovunjika kona inaweza kuwa ya mzembe. Mia moja zilizovunjika mahali palepale zinaeleza kazi fulani na namna ya kuigonga.

Pingamizi la pili ni la mahali. Mwaka 1936 mkulima mmoja wa kisiwa cha Gotland, Sweden, alipokuwa akilima bwawa lililokaushwa la Mästermyr, jembe lake lilikwama kwenye sanduku la mwaloni la zama za Waviking lenye vitu zaidi ya 200. Zana za mhunzi na za seremala zilikuwa ndani pamoja, na kwa kuwa zilikutwa pamoja tunaweza kuuliza kama mtu mmoja alishika kazi zote mbili. Zingeuzwa mojamoja sokoni, swali hilo lisingezaliwa. Hapa lazima tukubali hasara. Soko hukata uzi kati ya kitu na mwenyewe, na hakuna ujuzi unaoweza kuuunga wote tena. Wenye pingamizi huongeza kwamba hata chombo chenyewe si kimoja: mpini umebadilishwa mara tatu, bapa mara mbili, basi tunamsoma nani? Kwenye nyongeza hiyo nadhani wanakosea, kwa sababu wanauchukulia mpini mpya kama uharibifu wa ushahidi. Meli ya vita ya Mary Rose iliyozama mwaka 1545 na kuinuliwa mwaka 1982 iliacha funzo la kipekee hapa. Ndani ya masanduku ya maseremala wake chuma kiliharibiwa na chumvi ya bahari na mti ukabaki, kwa hiyo wachunguzi walibaki na miili ya randa na mipini bila mabapa yake, na bado waliweza kutambua kazi ya kila kimoja. Mpini una habari zake, na mpini uliobadilishwa una habari zaidi, maana unaonyesha mtu alipewa chuma cha wengine akakifanya chake.

Katika habari hiyo Afrika Mashariki ina ushahidi wa zamani mno. Kitabu cha safari za biashara katika Bahari ya Hindi kilichoandikwa kwa Kigiriki katika karne ya 1, kijulikanacho kama Periplus, kinaorodhesha bidhaa zilizopelekwa kwenye pwani yetu hadi bandari ya Rhapta: mikuki iliyotengenezwa Muza, kwenye pwani ya Yemen, mashoka, visu, na vyuma vya kutobolea. Kinataja pia mashua zilizoshonwa. Kwa hiyo karibu miaka 2000 iliyopita zana za mkono zilikuwa zikishushwa ufukoni kutoka ng'ambo, na anayezipokea alikuwa na kazi yake tayari ya kuzitumia. Haimaanishi kwamba bara halikuwa na wahunzi. Wahaya na majirani zao magharibi mwa Ziwa Viktoria waliyeyusha chuma tangu zamani za kale, na katika karne ya 19 majembe yaliyofuliwa magharibi mwa Tanganyika yalipita Unyamwezi yakitumika kama mali ya kubadilishana na kulipia mahari. Jembe la kienyeji la namna hiyo lilikuwa na msuka uliochomekwa katika kichwa kinene cha mpini. Jembe la kiwandani lilipokuja kutoka Uingereza na Ujerumani, lilikuja na tundu, nalo lilikuja bila mti. Chuma kilivuka bahari peke yake. Mpini ulikatwa hapahapa, kwenye mkole au mti mwingine mgumu usiopasuka, kwa urefu aliouchagua mkulima kulingana na udongo wake na mgongo wake. Mtu akikuta leo jembe la zamani lenye chapa ya kiwanda cha Uingereza, chapa itamwambia lilikotoka. Likiwa bado na mpini, mpini utamwambia lilifika wapi.

Lugha yenyewe imehifadhi tabaka hizi, na ni ajabu kwamba wanaoandika historia ya ufundi wa pwani huzipita haraka. Nyundo ni neno la Kibantu, lina ndugu zake katika Kinyarwanda, inyundo, na Kiganda, ennyondo. Shoka na jembe ni ya ukoo huohuo wa kale. Msumeno umeundwa nyumbani kutokana na meno. Randa na patasi zimetoka upande wa India. Mhindi huita randa kwa neno hilohilo, na kwa Kimarathi patashi ni patasi. Zilifika kwa mafundi waliovuka na majahazi, na wengine wengi wakaja katika ujenzi wa reli ya Uganda kati ya 1896 na 1901, ulioleta zaidi ya wafanyakazi 31,000 kutoka India, wakiwamo maseremala na wahunzi. Parafujo ni ya Wareno. Skrubu, spana na jeki ni za Waingereza. Msasa ulikuwa mti wenye majani yanayokwaruza kabla ya kuwa karatasi ya dukani. Bapa kwa bapa, kila mgeni aliyeshusha chuma ameacha jina. Mpini haukuazimwa kwa yeyote kati yao: Mchewa naye huuita mpini, Mshona huuita mupini, Mnyarwanda umuhini. Sehemu ya zana ambayo mkono unaigusa imebaki na jina la mkono uliokuwepo tangu mwanzo.

Mtu anaweza kuuliza: kama ni hivyo, mbona rundo la zana kuukuu la aina aliyoikuta Mercer ni nadra Dar es Salaam au Mombasa? Jibu ni kwamba huku chuma hakilali. Panga likilika huwa kisu, kisu kikilika huwa kitu cha kukunia. Springi ya lori hukatwa na mhunzi ikawa panga au jembe. Tupa iliyokufa meno hufuliwa upya ikawa patasi. Zana haifi, inahama mwili. Ni utaratibu wa busara, umewalisha mafundi wengi katika miji yetu, na sioni sababu ya kuuonea haya mbele ya majumba ya zege ya Pennsylvania. Lakini una gharama kwa historia: alama zote zilizokuwa juu ya chombo cha kwanza huyeyuka katika moto unaozaa cha pili. Katika hali hiyo shahidi anayebaki ni mtu. Peter Schmidt na Donald Avery walipochapisha mwaka 1978 utafiti wao kuhusu chuma cha Wahaya, walikuwa wameutegemea ujuzi wa wazee walioyeyusha chuma ujanani, wakaacha, kisha wakajenga tanuri upya mbele ya watafiti, na hivyo ikaonekana kwamba mabomba ya udongo ya mivukuto yaliyoingizwa ndani ya tanuri yalipasha hewa moto kabla haijafika kwenye makaa. Vipande vya mabomba hayo vilikuwa ardhini muda wote. Kilichovifanya viseme ni mikono ya wazee hao, na wangechelewa kuulizwa miaka ishirini zaidi pengine pasingekuwa na wa kuulizwa.

Linabaki pingamizi la tatu, ambalo ni la haki zaidi kuliko la elimu: zana ni ya kufanyia kazi, na kila randa inayotundikwa ukutani imemnyima mtu riziki. Huko Uingereza wapo waliolichukua jambo hili kwa vitendo. Shirika la Tools for Self Reliance limekusanya zana za mkono zisizotumika kutoka kwenye mabanda na gereji za Waingereza kwa miaka mingi. Watu wa kujitolea huziondoa kutu, huzinoa, huzitia mipini na kuzipanga kwa seti za useremala, ushonaji au uhunzi, kisha husafirishwa kwenda kwa mafundi wa Tanzania, Uganda, Zambia na kwingine Afrika. Kati ya randa iliyotundikwa Doylestown na randa inayosawazisha mbao katika karakana ya mkoani, mimi naichagua ya pili bila kusita. Hata hivyo uchaguzi huo haulazimishi upotevu. Kazi ya mwanahistoria haihitaji kumiliki chombo. Inahitaji dakika chache kabla hakijarudi kazini: picha ya upande wa majina, vipimo vya bapa lilipofikia, aina ya mti wa mpini, na mahali kidole gumba kilipochimba shimo lake. Randa yenye majina matatu ya Kiingereza ikipata jina la nne la fundi wa Iringa, historia yake imeendelea kuandikwa palepale ilipokuwa ikiandikwa, na anayeifuatilia ana jambo moja zaidi la kusoma.

Kipimo kigumu cha hoja hii ni chombo ambacho hakijawahi kuwa na chapa kabisa. Keekee ya mjenzi wa majahazi wa Matondoni, Lamu, ni fimbo ya mti yenye ncha ya chuma, inayozungushwa mbele na nyuma kwa kamba ya uta, huku mkono mwingine ukiikandamiza kwa kishikio cha juu kisichozunguka na fimbo. Kwa kuwa inazunguka pande zote mbili, ncha yake hunolewa ikwangue kwenda na kurudi. Ilitoboa mbao za mitepe, mashua zilizoshonwa kwa kamba za nazi, na mitepe ilipokwisha katika karne ya 20 keekee iliendelea kutangulia misumari ili ubao usipasuke kabla ya kukalafatiwa kwa pamba na mafuta ya papa. Mwindaji wa majina makubwa hana la kuangalia hapo na hawezi kuipa bei. Lakini kiunoni mwa fimbo kamba imekula mfereji, na kina cha mfereji huo kinahesabu matundu. Kishikio cha juu kimelika zaidi upande mmoja, upande ambao kiganja kiliegemea, na kwa kukiweka katika kiganja chako mwenyewe unaweza kujua kama aliyekitumia alitoboa kwa mkono wa kulia au wa kushoto, na kama alikuwa amesimama ubavuni mwa chombo au amelala chali chini ya mkuku.